Sumaku ya Sabufa Mbovu: Mwongozo Kamili wa Kuielewa na Kuitumia Nyumbani

Hapa Ngamiani, Tanga, ni nadra kuingia nyumba usikute sabufa iliyokufa. Imewekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenyewe anasema ataipeleka kwa fundi mwezi ujao. Mwezi ujao huo sasa una miaka minne. Mimi ndiye fundi asiyeletewa. Nikiletewa, mara nyingi nakuta kilichokufa ni saketi au koili (waya uliozungushwa duara), lakini sumaku iliyo nyuma ya spika haina neno, na wajukuu watairithi ikiwa vilevile.

Basi tuitoe. Mwongozo huu unaanzia kwenye sumaku hiyo, maana ni ya bure na ina nguvu ya kutosha, tena kwa kazi za nyumbani inafaa kuliko nyingi za dukani. Pamoja nayo andaa sindano mbili tatu za kushonea, msumari wa inchi nne, mita tatu za waya wa shaba wenye vanishi (muombe fundi wa kusuka mota, mabaki hayakosi), betri kubwa ya tochi ya volti 1.5, bakuli la plastiki, kikombe cha plastiki, uzi, na karatasi nyeupe.

Kuitoa kwenye spika

Chomoa sabufa kwenye umeme, iache ikae saa nzima, kisha fungua skrubu za boksi na utoe spika. Nyuma yake utaona bamba la chuma, halafu duara la kijivu au jeusi lenye tundu katikati, halafu bamba jingine. Sumaku ni lile duara. Limetengenezwa kwa feraiti, yaani kutu ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu, ikakandamizwa na kuchomwa tanuruni kama kigae. Ndiyo maana ina tabia za kigae: ni ngumu, ila ukiipiga vibaya inapasuka. Upepo wa bahari, unaokula mabati na mageti hapa Tanga, hauiwezi. Tayari ni kutu, haina kutu nyingine ya kuota.

Ingiza bisibisi bapa kwenye mshono kati ya sumaku na bamba, gonga kidogokidogo huku ukizunguka, usilazimishe upande mmoja. Geuza uso au vaa miwani, maana vipande huruka. Ikigoma, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kwa dakika kumi. Gundi nyingi hulegea kwa joto, na feraiti haidhuriki na maji yanayochemka. Ikigoma bado, iache na mabamba yake, inatumika hivyohivyo.

Ikivunjika vipande viwili usisikitike, una sumaku mbili. Jaribu kuviunganisha kama vilivyokuwa, vitakataa na kusukumana kama watoto waliogombana. Pindua kimoja chini juu, vitarukiana na kung'ang'aniana. Kwenye duara la spika, ncha mbili za sumaku ni nyuso zake mbili bapa: uso mmoja ni ncha ya kaskazini, wa pili ni ya kusini. Ncha za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana. Hata ukizidi kuivunja hadi punje, kila punje itakuwa na ncha zote mbili. Hakuna aliyewahi kukata sumaku akapata ncha moja peke yake.

Ndani ya diski ya kompyuta mbovu, au kwenye spika za masikioni, utakuta sumaku ndogo zinazong'aa kama fedha. Hizo ni za neodimiamu, mchanganyiko wa chuma, neodimiamu na boroni uliobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguvu zake zinashangaza kwa udogo wake, lakini kwa mtu wa pwani zina kasoro mbili. Ngozi yake ya nikeli ikichubuka, chumvi ya hewani huila ndani hadi iwe unga. Tena zile za kawaida huanza kupoteza nguvu zikifika nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo mbinu ya maji ya moto usiitumie kwake.

Inashika nini, haishiki nini

Pita nayo nyumba nzima kabla ya kusoma zaidi. Bati la paa inashika, na kopo la nyanya pia. Kopo la soda kwa kawaida haishiki, na sufuria za alumini za jikoni hazishikwi kabisa. Shaba, dhahabu, fedha na risasi zote zinakataa. Metali za kila siku zinazovutwa kwa nguvu ni tatu tu, chuma, nikeli na kobalti, pamoja na michanganyiko yake.

Utakutana na utata kwenye vyombo vya stenlesi. Kijiko kimoja kinanasa, kingine hakinasi, na vyote vimeandikwa stenlesi. Wala hakuna aliyekudanganya. Stenlesi yenye nikeli ya kutosha hupangika ndani kwa namna inayoikataa sumaku, ile isiyo na nikeli hushikwa. Kwa hiyo ukisikia mtu sokoni anasema "ikishikwa na sumaku ni feki", mwambie asiharakishe. Kweli, isiyoshikwa kwa kawaida hustahimili chumvi vizuri zaidi, na kwa jiko la mtu wa Raskazone anayepigwa na upepo wa bahari mchana kutwa, hilo ni jambo la kuangalia.

Ukimaliza, fanya jaribio moja dogo. Weka karatasi moja ya daftari kati ya sumaku na kopo la chuma, kisha mbili, kisha tano, kisha kumi. Utaona nguvu haipungui taratibu, inaporomoka. Sumaku ina nguvu sana karibu na dhaifu sana mbali, na mambo mengi ya matumizi yanategemea hilo, kuanzia mlango wa friji hadi dira ya chombo. Likumbuke.

Kwa nini chuma na si shaba

Hebu fikiria soko la Mgandini saa sita na nusu mchana. Mmoja anaangalia nyanya, mwingine yuko kwenye dagaa, watatu wanabishana bei, kila mtu na uelekeo wake. Ukiwatazama kutoka juu huwezi kusema umati unaelekea wapi. Ikaadhiniwa, nusu saa baadaye ukiwatazama walewale msikitini, wote wamepanga safu na nyuso zote ziko upande mmoja.

Ndani ya atomu kuna elektroni, na kila elektroni ina tabia ya kuwa sumaku ndogo mno. Ndani ya shaba, elektroni zimepangana mbilimbili, moja imeelekea huku na mwenzake kule, zinafutana. Ndani ya chuma zipo zinazobaki bila mwenza, na zaidi ya hapo, atomu jirani hupenda kuelekea upande mmoja. Zinajikusanya makundi makundi, kila kundi lina safu zake. Mfaransa Pierre Weiss ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1907. Msumari wa kawaida umejaa makundi hayo, ila kila kundi linaelekea kwake, ndiyo maana hauvuti kitu. Ukiusogeza karibu na sumaku, makundi yanayoelekea upande wa sumaku hupanuka na kuyameza mengine. Msumari wote unageuka sumaku kwa muda, na hapo ndipo unapovutwa.

Ukiiondoa sumaku, yanayofuata yanategemea aina ya chuma. Chuma laini kama cha msumari au waya wa kufungia nondo kina tabia ya mgeni wa Tanga: waja leo, waondoka leo. Safu zinavunjika na usumaku unaondoka karibu wote. Chuma kigumu kama cha sindano, wembe au bisibisi kinang'ang'ania, safu zikishapangwa hazivunjiki kwa urahisi. Feraiti na neodimiamu ni wabishi kupita wote.

Kuna njia mbili rahisi za kuvunja safu. Ya kwanza ni joto. Chuma kikifika nyuzi joto 770, msukosuko wa atomu hushinda upangaji na usumaku unakufa. Mhunzi anaweza kukuonyesha: kipande kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu cha kuiva hakishikwi na sumaku, kikipoa kinashikwa tena. Ya pili ni kupigapiga na kuangusha, hasa kwa sumaku za chuma za zamani.

Tengeneza dira, kisha uihakiki kwa kibla

Shika sindano kwa upande wa tundu. Chukua sumaku, weka uso wake mmoja kwenye tundu la sindano, uburute hadi kwenye ncha kali. Inua juu, rudi kwa mzunguko mpana hewani, anza tena kwenye tundu. Usisugue kwenda na kurudi, maana kurudi kunaharibu ulichopanga. Mara 40 zinatosha. Ncha kali, pale unapoinulia, itapata usumaku ulio kinyume cha uso uliotumia. Ukitaka ncha kali ielekee kaskazini, sugua kwa uso wa kusini. Kama hujui uso upi ni upi, sugua tu, dira yenyewe itakwambia.

Weka maji kwenye bakuli la plastiki. Usitumie karai, lile ni chuma na litaivuruga sindano. Okota jani dogo kavu, la mwembe linafaa, liweke juu ya maji, kisha laza sindano juu yake. Funga feni, sogeza simu mbali, subiri. Jani litazunguka polepole na kusimama. Ligeuze kwa kidole, litarudi palepale.

Je, hapo ni kaskazini? Watu wa Tanga tuna bahati ya kuhakiki bila kununua chombo chochote. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa: sisi tuko longitudo ya 39.1 mashariki, Makka iko 39.8. Kibla chetu kimepotoka kaskazini kwa takriban digrii moja na nusu tu, upande wa mashariki. Ndiyo maana wazee wa pwani neno kibla walilitumia hata kwa maana ya kaskazini. Linganisha sindano yako na mihrabu ya msikiti wa mtaani. Ikipishana kidogo usigombane na imamu. Sindano haielekei kaskazini ya ramani hasa, inafuata uga (eneo la nguvu) wa sumaku wa dunia, na hapa kwetu tofauti ni ya digrii chache.

Kwamba dunia yenyewe ni sumaku alilieleza tabibu wa Uingereza, William Gilbert, mwaka 1600. Chanzo chake ni chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kwenye kiini cha nje cha dunia na kuzalisha mikondo ya umeme. Na kwa kuwa ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa kuelekea kaskazini, basi kwa habari za usumaku, upande ule wa dunia una tabia ya ncha ya kusini. Wanafunzi hulikosea hili kila mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kutoka ng'ambo havitaji. Chukua sindano ambayo haijasuguliwa, ifunge uzi katikati, sogeza fundo hadi ilale sawa hewani. Sasa isugue kwa sumaku bila kusogeza fundo, kisha iachie ining'inie. Haitalala sawa tena, upande wa kusini utainama. Mistari ya uga wa dunia haipiti mlalo isipokuwa kwenye ikweta ya sumaku, na hiyo kwa Afrika inapita kaskazini yetu, maeneo ya Ethiopia. Sisi tuko kusini yake. Ulaya, sindano hiyohiyo huinamisha upande wa kaskazini. Ndiyo maana dira zilizosawazishwa kwa ajili ya Ulaya hukwaruza kioo zikifika huku, mtu akadhani kauziwa mbovu.

Kwa wenye vyombo. Nahodha mmoja aliniletea dira akidai imelewa. Mezani kwangu ilisema kweli tupu. Nikamuuliza chomboni inakaa wapi, akajibu, "Hapo hapo fundi, kando ya redio." Redio ina spika, spika ina sumaku. Pemba iko takriban kilomita 60 mashariki ya Tanga. Ukipotoka digrii 10 tangu unatoka, unafika umekosea karibu kilomita 10 kaskazini au kusini ya ulipokusudia. Weka redio, simu, visu na vifaa vya injini angalau mita moja mbali na dira. Kisha jaribu ukiwa bado nangani: sogeza kila kifaa, kimoja kimoja, uangalie kama sindano inacheza.

Simu nazo zina kihisi cha usumaku, ndicho kinachoendesha dira yake. Ikionyesha uongo, vua kava lenye sumaku, kisha izungushe hewani ukichora namba nane mara kadhaa.

Sumaku ya kuwasha na kuzima

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikicheza alipopitisha umeme kwenye waya jirani. Jaribu mwenyewe: nyoosha waya juu ya sindano yako inayoelea, ufuate mstari wake wa kaskazini na kusini, gusisha betri kwa sekunde moja. Sindano itageuka. Geuza betri, itageukia upande wa pili. Umeme unaotembea huzaa usumaku.

Kuukuza, uzungushe. Viringisha waya kwenye msumari mizunguko 100, wote upande uleule, ukibanana vizuri, acha sentimita kumi kila mwisho. Kwangua vanishi ya ncha mbili kwa msasa hadi shaba ing'ae. Wengi hukosea hapa, wanasahau msasa halafu wanalaumu betri. Gusisha ncha kwenye betri na usogeze msumari kwenye pini. Hesabu zilizonasa. Achia, nyingi zitaanguka, moja mbili zitabaki. Hao ndio wageni walionogewa.

Usigusishe zaidi ya sekunde tano mfululizo, waya utapata moto na betri itakwisha. Usitumie betri ya simu wala pawabenki, zinaweza kuwaka. Na waya huu usiuchomeke kwenye soketi ya ukutani hata kwa mzaha. Volti 230 zinaua.

Kengele ya mlangoni na kreni za vyuma chakavu zinafanya kazi hivihivi. Spika nayo ndiyo hiyo: ndani ya ile sumaku uliyoitoa kulikuwa na koili nyembamba iliyogundishwa kwenye karatasi. Umeme wa muziki unabadilika mwelekeo mara mamia kwa maelfu kila sekunde, koili inasukumwa na kuvutwa, karatasi inatikisa hewa, nasi tunasikia taarabu. Enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, sauti zilipita kwenye sumaku za namna hii, na hata sabufa yako ya bluetooth haijabadili kanuni.

Kinyume chake: sumaku inayozaa umeme

Hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chukua sinia la alumini, liinamishe ukutani. Teremsha juu yake sarafu au kifungo: kinaporomoka. Sasa teremsha sumaku ndogo ya neodimiamu. Itashuka kwa madaha, kana kwamba sinia limepakwa asali, na alumini haishikwi na sumaku! Mpwa wangu alirudia mara ishirini, akaniuliza, "Mjomba, umeweka nini?"

Sikuweka kitu. Sumaku ikipita juu ya metali inayopitisha umeme, inazalisha humo vijito vya umeme vinavyozunguka, na kila kijito kinazaa usumaku wake unaopinga mwendo. Michael Faraday aliigundua kanuni hii Uingereza mwaka 1831: sumaku ikisogea karibu na waya, umeme unazaliwa. Isiposogea, hakuna kitu.

Ndiyo dainamo ya baiskeli. Ndiyo pia chaji ya pikipiki, ambayo ina gurudumu lenye sumaku ndani linalozunguka koili. Ukipanda juu ukafuata Mto Pangani, kituo cha Hale chenye megawati 21 kinafanya hivyohivyo tangu 1964, na Pangani Mpya yenye megawati 68 tangu 1995. Maji yanazungusha tabo (gurudumu lenye mapanga), tabo inazungusha sumaku-umeme kubwa ndani ya koili, na umeme unaotoka unakamilisha mzunguko wake wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde.

Kazi za nyumbani

Kwanza unga. Vinu vingi vya mtaani husaga kwa vinyundo vya chuma vinavyogonga mahindi na chekeche ya bati. Vinyundo vinalika, na kilicholika kimekwenda kwenye sembe yako. Kupima: weka unga kilo moja kwenye beseni la plastiki. Tia sumaku ndani ya kikombe cha plastiki, koroga unga kwa kitako cha kikombe kwa dakika mbili, ukifika kila pembe. Inua, papasa unga uliojishikiza uanguke, peleka kikombe juu ya karatasi nyeupe, kisha toa sumaku. Kilichonaswa kitaanguka peke yake. Ukiona vinyuzi au punje nyeusi zinazong'aa, hicho ni chuma cha kinu.

Mimi nilifanya hivyo na dona niliyosagisha karibu na nyumbani, nikapata cha kutosha kuchafua karatasi. Nilipokwenda nayo, kijana wa mashine aliniambia ni "rangi ya mahindi". Nikamtolea sumaku mfukoni, rangi ya mahindi ikaamka na kusimama wima. Tangu hapo nasagisha kwingine, kwenye mashine iliyofungwa sumaku mbili, moja mdomoni mahindi yanapoingia ili inase misumari na vipande vya waya, nyingine unga unapotokea. Muulize mwenye kinu kama anazo, na zaidi ya hapo muulize anazifuta lini. Sumaku iliyojaa vumbi la chuma hainasi tena, inaanza kurudisha. Halafu usiwe wa kwanza kusagisha siku vinyundo au chekeche vimebadilishwa. Angalizo: baadhi ya nafaka za kifungua kinywa za boksi huongezewa chuma cha lishe kwa makusudi, na hizo sumaku itanasa unga laini wa kijivu. Huo hauna tatizo.

Friji. Ndani ya mpira wa mlango mna utepe wa unga wa feraiti uliochanganywa na mpira. Kupima, fungia karatasi mlangoni kisha ivute, rudia pande zote nne. Inapotoka bila kukaza, baridi inavuja na umeme wako unakwenda. Nililosema kuhusu karatasi za daftari ndilo linalotokea hapa: uchafu au kutu unene wa milimita moja unatosha kuilegeza sumaku. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukiingiza kitambaa kwenye mikunjo. Ulipojikunja, ukande kwa kitambaa cha maji ya moto, unyooshe. Kutu kwenye fremu ipige msasa, upake rangi koti moja jembamba. Mafundi hukimbilia kubadilisha mpira, na mara nyingi hauna kosa.

Kabla hujanunua jiko la induksheni (la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa usumaku), pitisha sumaku chini ya sufuria zako. Kitako kikishikwa barabara, sufuria itafaa. Za alumini tulizozoea hazitapika kitu juu yake, na bei ya seti mpya ya vyombo nayo iingie kwenye hesabu.

Ununuzi wa nyaya na vyuma chakavu: "shaba" inayoshikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, irudishe. Isiyoshikwa bado haijathibitika, huenda ni alumini iliyovishwa shaba. Kwangua kwa kisu, ndani pakiwa peupe umeshajua.

Mengine ni ya haraka. Fundi cherehani aning'inize kipande cha feraiti kwa uzi kukusanya pini sakafuni. Baada ya kuezeka, funga sumaku kwenye fimbo upitishe uwanja mzima kabla bodaboda hazijaikuta ile misumari kwa matairi. Kutafuta skrubu nyuma ya dari ya jipsam, ning'iniza sumaku ndogo uiburuze taratibu, itaganda pale palipo na skrubu. Bisibisi isugue kama ile sindano, mara 20, itashika skrubu yenyewe.

Vikuku vya sumaku vya "kuvuta damu" achana navyo. Chuma kilicho kwenye damu hakina safu nilizozieleza, sumaku ya kikuku haikivuti. Damu yenye oksijeni husukumwa na sumaku, kwa unyonge usiohisika.

Hatari na utunzaji

Sumaku ndogo zinazong'aa ziwe mbali na watoto, hili sina mzaha nalo. Mtoto akimeza mbili au zaidi, zinavutana kupitia kuta za utumbo, zinaubana na kuutoboa, na mwanzoni anaweza kuonekana mzima. Ukishuku tu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme ni sumaku. Usimtapishe, usingoje atoe chooni.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asisogeze sumaku kifuani, zikiwemo za simu na vifuniko vyake: sentimita 15 kwa uchache, na kwa sumaku kubwa aongeze. Anayeingia kwenye mashine ya MRI (ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa) aseme kila chuma alichonacho mwilini, hata cha zamani. Kadi ya benki yenye mstari mweusi inaweza kufutika mstari, chipu haidhuriki. Picha kwenye simu na memori kadi hazifutwi. Sumaku mbili kubwa za neodimiamu usiziachie zikarukiana, zinaponda kidole na kurusha vipande.

Ukimaliza kazi, bandika sumaku yako kwenye bamba la chuma lililotoka nalo kwenye spika, uiweke mbali na dira. Vumbi la chuma likiganda juu yake halifutiki kwa kitambaa, linazunguka tu. Kandamiza donge la unga wa ngano uliokandwa, au selotepu, uvute juu. Mara ijayo ivishe kikombe kabla hujaichovya mchangani.